Mwokaji Alipolala Mbele ya Kete

Orodha ya raundi ya mwisho ilibandikwa mlangoni saa saba na nusu mchana. Mwanamke waliyemwita Miwani aliisoma mara mbili, akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaisoma tena. Hakuna kilichobadilika. Meza ya pili, kete nyeupe: mwokaji. Kete nyeusi: yeye.

Jina la Miwani hakulipata kwa kuivaa tu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akikaa kwenye karakana ndogo nyuma ya duka la macho, akisaga vioo kwa mashine inayotiririsha maji, mpaka kila kioo kikae kwenye fremu yake bila kulegea. Ni kazi ya mtu asiye na haraka. Akizidisha kidogo tu, kioo kinaharibika na mteja anaendelea kuona dunia kama iko chini ya maji. Sataranji aliipenda kwa sababu hiyohiyo, na mashindano haya ya siku mbili aliyaingia kwa nia ya kushinda. Alihitaji ushindi mmoja tu ili awe wa kwanza.

Mwokaji alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu waongee. Watu wa pembeni walidhani wamegombania vitu vya marehemu, kwa maana watu wa pembeni hudhani hivyo siku zote. Haikuwa hivyo, na wao wawili tu ndio waliojua.

Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ufundi, chumba kirefu chenye harufu ya chaki na ya mbao zilizorandwa karibuni. Meza kumi na mbili zilipangwa katika safu mbili. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, inayomfanya mtu asahau alichokuwa akienda kufanya. Mwanga uliopenya madirishani ulikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mwokaji alifika dakika za mwisho. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, mwenye mikono iliyokanda unga tangu ujana wake. Alivuta kiti polepole, akakaa.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo," alijibu Miwani, akiangalia saa ya mchezo badala ya uso wake. Ilikuwa saa ya zamani ya mbao, yenye nyuso mbili na vibendera viwili vyekundu. Kila mchezaji alipewa saa moja na nusu. Ukicheza unabonyeza kitufe, saa yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Kibendera chako kikianguka, umeshindwa, hata kama ubaoni unatawala kama sultani.

Mwamuzi akaashiria kwa mkono. Mwokaji akanyoosha kidole kinene, akamsogeza askari aliyesimama mbele ya farasi wa upande wa mfalme. Hatua moja tu.

Moyo wa Miwani ukapiga mara moja kwa nguvu, kisha ukatulia, kama mtu aliyebisha hodi akaghairi.

Ufunguzi ule aliujua kuliko alivyojua njia ya kwenda kazini. Dada yake, aliyekuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi, alimfundisha akiwa bado msichana wa shule, jikoni kwao, kwenye ubao uliochorwa nyuma ya ramani iliyoharibika. Dada hakujua majina ya vitabuni. Alikuwa na majina yake mwenyewe. "Msogeze huyu askari kidogo, umefungua dirisha la jikoni," alikuwa akisema huku akikoroga chungu kwa mkono mwingine. "Sasa mweke askofu hapo dirishani. Hapigani na mtu. Anachungulia tu, kona hadi kona. Baada ya muda watu wanamsahau, na mtu aliyesahauliwa anaona mengi."

Mwokaji, enzi hizo akiwa mchumba anayekuja na mikate ya moto iliyofungwa kwenye gazeti, alikuwa akiucheka. Aliuita ufunguzi wa wambeya. Yeye alipenda kumtoa askari wa mfalme hatua mbili kwa kishindo, kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Miaka yote Miwani alipomjua, hakuwahi kucheza vingine.

Na sasa amekaa mbele yake na kufungua dirisha.

Miwani alitumia dakika kumi na tisa kujibu hatua ile moja, jambo la kuchekesha kwa mchezaji wa kiwango chake. Hakuwa akifikiri. Alikuwa akisikia mwiko ukigonga chungu. Alipojizindua alisogeza askari wa kati, na mchezo ukaenda.

Ulienda vizuri kwake. Mwokaji alicheza kama mtu anayetembea ndani ya maji: kila hatua sahihi, lakini imechelewa. Askofu alikaa dirishani kwake, baadaye akatoka hadi katikati ya ubao, akabaki pale akiangalia. Miwani alimsukuma huku, akambana kule, akala askari mmoja, kisha wa pili. Ilipofika hatua ya ishirini na tatu aliiingiza ngome yake ndani kabisa ya eneo la adui, akabonyeza saa, akaandika hatua kwenye karatasi. Baada ya hapo aliinua macho.

Kidevu cha mwokaji kilikuwa kimegusa kifua.

Kwanza alidhani anafikiri. Wachezaji wengine hufikiri hivyo, wameinama kana kwamba wameangusha sindano. Lakini mabega yalikuwa yakipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, na midomo imeachana kidogo. Mikono miwili imelala mezani, viganja vikitazama juu. Kwenye mizizi ya nyusi zake kulikuwa na unga mweupe ambao maji ya asubuhi hayakuufikia.

Hapo ndipo Miwani akaelewa. Mwokaji huingia kazini jua likizama na kutoka alfajiri. Raundi ya asubuhi ilianza saa tatu. Kwa siku mbili mtu huyu alikuwa akitoka kwenye tanuri na kuja moja kwa moja ubaoni.

Saa ya mwokaji ilikuwa na dakika arobaini na moja. Tik, tik, tik.

Mwamuzi, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyevaa viatu vya raba ili asisikike, alikuja akasimama kando ya meza. Alimwangalia aliyelala, akamwangalia Miwani, akainama mpaka sikioni mwake.

"Amelala?"

"Amelala, Mwalimu. Naruhusiwa kumwamsha?"

Mwamuzi akafikiri, pipi aliyoimumunya ikihama kutoka shavu moja kwenda jingine. "Kanuni zinasema usimsumbue mpinzani wako."

"Kumwamsha ni kumsumbua?"

"Binti yangu, nimeamua mashindano kwa miaka ishirini, swali hilo sijawahi kuulizwa." Akatupia saa jicho. "Mimi mwenyewe siruhusiwi kuingilia. Lakini wewe ukikohoa, siwezi kukuzuia. Kikohozi ni kikohozi." Akaenda zake kimyakimya kama paka.

Miwani hakukohoa. Alijiambia kwamba hana haraka, dakika arobaini ni nyingi. Tena alijiambia, na hili alilisema moyoni kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mtu huyu anastahili. Alale. Azinduke akute kibendera kimeanguka na mkono wa shemeji umenyooshwa kumpa pole. Ajue ladha yake.

Kwa maana kosa la mwokaji lilikuwa hilo: hakumwamsha.

Wiki ile ya mwisho ya dada, Miwani alikesha hospitalini siku tano mfululizo. Siku ya tano mwokaji alikuja kumpokea, akamwambia, "Nenda kajinyooshe kwenye benchi la ukumbini, nitakuita." Akajinyoosha. Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha, watu walikuwa wakipita na ndoo za kupigia deki, na mwokaji alikuwa ameketi mwisho wa benchi lake, miguuni pake, akiangalia sakafu. Dada alikuwa ameondoka muda mrefu. Miwani aliuliza swali moja tu, "Kwa nini hukuniamsha?", na mwokaji hakuwa na jibu. Basi. Maji yakamwagika, na kila mmoja akaenda na ndoo yake tupu.

Mvua iliendelea. Michezo kwenye meza nyingine ilikuwa ikiisha mmojammoja, wachezaji wakipeana mikono na kutoka kwa kunyata. Ukumbi ukawa mpana zaidi. Miwani alianza kuhisi kile anachokihisi karakanani nyakati za mchana mashine inaponguruma bila kukoma: kwamba vitu vilivyo karibu vinasogea mbali, na vya mbali vinakuja. Ubao ulionekana mdogo kama kiberiti. Uso wa mwokaji ukawa mkubwa, ukajaa macho yake yote, na akauona kama anavyokiona kioo kabla hajakisaga, mistari yote, kila mkwaruzo. Alikuwa amezeeka. Kulikuwa na alama ya moto kwenye kifundo cha mkono, mpya, haijafungwa kitambaa. Nani wa kuifunga? Shati lilikosa kifungo cha tatu, na mahali pake pametiwa pini.

Ilimjia kwamba mezani wako watatu. Hakuona mzuka, na wala hakuogopa. Ilikuwa tu kama zamani jikoni, wawili wanacheza na mmoja amekaa upande wa tatu, kiwiko mezani, hasemi kitu, anangoja wao wagundue kile alichokwisha kukiona. Ubaridi wa mvua ulipita shingoni. Harufu ya mkate ilitoka kwenye nguo za mwokaji, harufu laini, ya utoto. Miwani akahisi kope zake nazo zinakuwa nzito, na kwa dakika ambazo hakuweza kuzihesabu baadaye, watu wawili wa meza ya pili walikaa hivyo, mmoja usingizini kabisa na mwingine mlangoni pa usingizi, saa moja ikiwahesabia wote.

Alipoitazama saa tena, zilibaki dakika tisa.

Alishtuka. Zilikwenda wapi? Akainua mkono amguse, na mkono ukasimama hewani.

Hakuweza.

Si kwa chuki. Chuki aliitafuta akaikosa, kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu. Ilikuwa ni ule uso. Mtu amelala kama mtoto, kapumzika mahali pasipo na tanuri wala nyumba tupu, na wewe ndiye umrudishe huku? Kwa lipi? Subiri kidogo, alijiambia. Dakika moja zaidi, muda bado upo. Akashusha mkono. Ikapita dakika. Akauinua tena, akaushusha tena. Zikabaki sita. Mara ya tatu alipoinua mkono na kuushusha, aliona anachofanya, akakiona wazi kabisa, kama mteja anayevalishwa kioo kilichosagwa sawasawa na kuona kwa mara ya kwanza kwamba miti ina majani moja moja.

Kumhurumia na kumharibia vilikuwa kitu kimoja, na havikuwa na mshono wa kuvitenganisha.

Zikabaki nne.

Akainama juu ya ubao mpaka nywele zake zikakaribia kuangusha mfalme. "Shemeji," aliita kwa kunong'ona. Kimya. "Shemeji." Mwokaji akavuta pumzi ndefu na kujiweka sawa kama mtu anayevuta shuka. Gogo lingesikia haraka zaidi. Miwani akafikiri, kisha akasema polepole, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa taarifa, "Mikate inaungua."

Macho ya mwokaji yakafunguka yote mawili kwa pamoja.

Aliangalia kulia, akatafuta tanuri, akakuta ubao. Aliangalia saa. Alijipangusa uso kwa kiganja, akainamia kete, na Miwani aliona yale macho mekundu yakitembea juu ya miraba, taratibu, kama mtu anayeamka katika chumba cha wageni na kujikumbusha mlango uko wapi. Ikapita dakika. Ikapita ya pili. Kibendera kilianza kuinuka, kikiinuliwa na mshale wa saa.

Mwokaji akamchukua yule askofu wa katikati, aliyekuwa wa dirishani, akamla askari aliyesimama mbele ya mfalme wa Miwani. Akambonyezea saa.

Miwani akatazama, akahisi joto likimpanda masikioni. Alikuwa na dakika ishirini na sita, na zote zisingemsaidia. Askofu yule alikuwa zawadi yenye sumu. Asipomla, atakuwa pabaya zaidi. Akimla, mfalme anatoka nje, malkia wa mwokaji anakuja kwa pembeni kumtishia, mfalme anarudi nyumbani, malkia anaingia hadi mstari wa nyuma kumtishia tena, mfalme anatoka nje tena. Nje, ndani. Nje, ndani. Ngome zake zote na malkia wake walikuwa mbali, upande wa pili, wakishughulika na ushindi. Kwa nusu saa nzima aliuangalia uso wa mtu na kusahau kuangalia ubao.

Akamla. Malkia akaja. Mfalme akarudi. Malkia akaingia. Walicheza haraka sasa, mkono juu ya mkono, kama watu wawili wanaokunja shuka moja. Hali ileile ilipojitokeza kwa mara ya tatu, na kanuni huruhusu sare hapo, mwokaji aliinua macho. Kwenye saa yake zilibaki sekunde za kuhesabu kwa vidole.

"Sare, shemeji?"

"Sare."

Wakapeana mikono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kikavu. Mwamuzi alikuja kuchukua karatasi, akazisoma hatua kwa hatua, akatikisa kichwa. "Mwanamke huyu alikuwa na ushindi mkononi," alisema bila kumlenga mtu, kisha akaandika nusu kwa nusu na kuondoka. Kwa nusu hiyo Miwani akawa wa tatu katika mashindano. Kikombe kilikwenda kwa karani wa posta wa meza ya kwanza, aliyekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Wao wawili walitoka barazani. Mvua ilikuwa imebaki matone ya paa tu.

"Ungeniacha," mwokaji alisema. "Ungekuwa umeshinda."

"Najua."

"Mbona hukuniacha?"

"Mbona leo umefungua dirisha?" Miwani aliuliza. "Wewe si ulikuwa unaliita la wambeya?"

Mwokaji alicheka kidogo puani. "Leo? Sijafungua kingine tangu afe. Mwaka jana nilicheza hivyo, na mwaka juzi. Ni wewe ndiye hukuwa ukija."

Hilo lilimgusa Miwani mahali ambapo hakujiandaa. Alishika nguzo ya baraza, akaangalia maji yakitafuta njia kwenye changarawe. Mwokaji akaanza kusema, akiangalia huko huko.

"Nilikuja pale kwenye benchi. Usidhani sikuja. Mara ya kwanza nilikuona umelala na kiatu kimoja, nikasema nimwache dakika tano. Nikarudi ndani. Alikuwa anapumua vizuri tu. Mara ya pili pumzi ilikuwa imebadilika, nikaja, nikasimama juu yako. Siku tano, shemeji. Ulikuwa na uso wa mtu aliyetolewa majini. Nikasema, bado. Mara ya tatu..." Akaacha. "Nilidhani muda upo. Ndiyo hivyo tu. Nimetafuta jibu zuri zaidi ya hilo miaka mitatu, sina."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningeanzia wapi? Ungesema ni visingizio."

"Ningesema," Miwani alikiri. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Yalitiririka chini ya vioo kwa utulivu, kama maji ya mashine yake. "Na mimi leo nilikuinulia mkono mara tatu."

Mwokaji akageuka akamwangalia. Alielewa, au alielewa nusu. Hakuomba afafanuliwe.

"Ulikuwa unaota nini pale mezani?" Miwani aliuliza baadaye, wakiteremka ngazi. Alikuwa na jibu alilolitamani.

Mwokaji alifikiri kwa uaminifu wote. "Unga," alisema. "Magunia ya unga. Nayapanga, yanaanguka."

"Basi?"

"Basi."

Miwani akacheka, kicheko cha kweli, mpaka karani wa posta na kikombe chake wakageuka kuangalia. Mwokaji naye akatabasamu bila kujua kinachochekesha.

Pale kwenye lango, njia zao zilipoachana, mwokaji alisema kwamba chini ya kitanda kuna ramani za marehemu, mabunda mazima, yamefungwa kamba. Hajui azipeleke ofisini kwao au azifanye nini, na kuzichoma hawezi. Kama shemeji ana nafasi Jumamosi, aje aziangalie. Alasiri, akishaamka.

"Nitakuja," Miwani alisema. "Nawe nenda ukalale. Na hicho kidonda cha moto ukifunge."

Jumamosi alikwenda. Alidhani angeijua njia akiwa amefumba macho, lakini miaka mitatu ni mingi: palikuwa na ukuta mpya mahali pa uchochoro, na duka la rangi ambalo hakulikumbuka. Alizunguka mara mbili. Mwishowe alimuuliza fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye kibaraza chake, naye, bila kuinua mguu kwenye pedali, alimwonyesha kwa kidevu mlango wa kijani hatua kumi nyuma yake. Miwani alirudi, akasimama, akajitengeneza mtandio, akapiga hodi. Ndani kiti kilisogezwa, na sauti nzito, bado ina usingizi, ikasema karibu.